Radi Iliyotoka Mdomoni mwa Mama

Wiki iliyopita wamebomoa banda la video la Profesa. Mimi nilikuwa natoka shule, shati nje, njaa imenikaba, nikakuta mabati yanashushwa. Yalivyoshuka, ikatoka harufu niliyodhani imeshakufa: petroli ya jenereta, maganda ya karanga, na miguu. Miguu ya watoto wa mtaa mzima, iliyokaa humo miaka mingi bila kuoshwa. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikavuta pumzi hadi mwisho, kama mtu aliyesikia pilau kwa jirani. Kama umekulia Tunduma, na ukawahi kukalia lile benchi lenye msumari, unajua nasema nini. Kama hukuwahi, pole, kwenu kulikuwa na TV.

Banda lilikuwa na giza hata saa nane mchana, kwa sababu Profesa alikuwa ameziba madirisha kwa viroba vya mbolea. Mbele TV moja, deki, spika mbili kubwa kuliko sisi, na Profesa mwenyewe kwenye kiti cha plastiki, kipaza sauti kimefungwa kitambaa ili kisimpige shoti. Yeye ndiye alikuwa mtafsiri. Filamu ikiongea, yeye anaongea juu yake. Kichina alikuwa hajui, Kihindi hajui, na Kiingereza alikuwa anakijua kwa mbali, kama vile unavyomjua mtu kwa sura. Lakini hakuna aliyelalamika. Mzungu akimwambia mwenzake maneno mawili, Profesa anatupa hotuba: "Sikiliza wewe, mimi ninywe chai kwako halafu unifanyie hivi? Leo utavuka mpaka uione Nakonde bila pasipoti!" Banda linalipuka.

Tulikuwa na sheria zetu. Steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi, hiyo ya kwanza. Ya pili, adui tunamjua kabla hajakosa. Spika zikianza kunguruma chini chini, taa ikampiga mtu kutokea kidevuni, tulianza kumzomea hata kama anafungua mlango wa nyumba yake mwenyewe. Steringi angeweza kuchinja kijiji kizima, lakini filimbi ikilia kwa majonzi, kamera ikamsogelea jasho likitiririka, sisi tulimwonea huruma yeye. Amechoka, maskini. Waliochinjwa hatukuwauliza majina.

Mimi, kwa akili zangu za darasa la pili, nilikuwa na maelezo ya kisayansi kabisa. Niliamini ule muziki unatoka ndani ya mtu. Kwamba mtu mbaya ana ngoma kifuani, sisi wa kawaida hatuisikii, ila kamera ina masikio makali ndiyo maana inaisikia. Sikumuuliza mtu yeyote. Jambo lenyewe lilikuwa wazi, ungeuliza nini?

Ndipo wakaja wale wa filamu.

Walikuwa vijana wanne na kamera moja, na mkubwa wao alikuwa kaka mwembamba mwenye kofia aliyetaka aitwe Direkta. Tukamwita Direkta. Wakazunguka mtaani wakitafuta sura, wakafika kwa mama. Mama yangu alikuwa anapikia madereva wa malori kule kwenye maegesho, ugali kwa dagaa wa kapenta, wali maharage, na madereva wa Zambia walikuwa wanampenda hadi wanamwita "ba mayo", yaani mama, wazee wenye mvi kabisa. Direkta akala ugali, akamtazama, akasema, "Mama, una sura ya filamu."

Mama aliimba kutwa nzima.

Aliambiwa yeye ni jirani mwema anayempelekea mtoto mgonjwa uji. Akavaa kitenge cha akina mama wa kwaya, akapaka mafuta hadi miguu ikawa inang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Wakampiga picha palepale kwenye maegesho, mbele ya ukuta wa ghala. Tazama kulia, mama. Tazama kushoto. Beba bakuli. Shusha bakuli. Kasirika kidogo. Mama alikuwa hajui kukasirika kwa kuagizwa, akawa anacheka. Sisi watoto tukasogea kuona, Direkta akatufukuza kama kuku. Wenzangu wakaondoka. Mimi nikatafuta kiti cha wageni rasmi: nikaingia chini ya lori lililosimama nyuma ya kamera, nikalala kifudifudi, mkono kidevuni. Ukiwa pale ulikuwa unaona kila kitu, na kivuli juu.

Halafu foleni ya kwenda mpakani ikasogea. Lori likawaka. Nilichosikia ni injini tu, dunia nzima ikawa injini. Nikakumbatia ardhi. Kitu kikanishika mguu, nikaburutwa, nikajikuta nimening'inia mikononi mwa utingo, naye macho yamemtoka kuliko mimi. Kabla sijamwambia asante, mama alikuwa ameshafika na ndala mkononi. Nilichapwa mbele ya watu wa filamu, mbele ya madereva wa nchi mbili, bila kupewa nafasi ya kujitetea. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya siku ile: ndala. Zaidi ya hapo sikubaki na kitu.

Filamu ikakamilika, Profesa akaileta bandani Jumamosi mchana. Mtaa mzima ulikuja. Mama alikaa benchi la mbele na rafiki yake Mama Neema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na mimi nikakaa katikati yao kama mtoto wa balozi. Neema, mwanaye, alikuwa anasoma na mimi, kakaa magotini kwa mama yake. Profesa siku hiyo hakuwa na kazi, filamu ilikuwa ya Kiswahili. Akala karanga.

Mtoto kwenye filamu akaugua. Analia kitandani, filimbi ya majonzi ikalia, akina mama wakaanza kuguna kwa huruma. Halafu spika zikanguruma chini chini. Moyo wangu ukaujua ule mlio. Nikasema, haya, adui anakuja.

Akaja mama.

Uso wake ulijaa TV nzima, mwekundu, kama umepakwa damu. Ulikuwa unakwenda polepole, polepole mno, macho yanatanuka, mishipa ya shingo inasimama. Mkono ukanyanyuka, vidole vimekakamaa, ukanyooka kuja kwetu. Mdomo ukafunguka. Ikatoka radi. Sio sauti ya mtu, radi kabisa, na kicheko cha chini ndani yake. Picha ikarudi kwa mtoto kitandani, mtoto akakata roho.

Banda lilipiga yowe. Benchi la nyuma likaanguka na watu wake. Mimi nilishtuka hadi mkojo ukanitoka kidogo, hilo nalisema kwa sababu wewe sio mwalimu wangu. Nikageuka kulia, na pale kulia, karibu na bega langu, ulikuwepo uso uleule. Mama alikuwa anacheka. "Ee Mungu, huyo ni mimi? Mbona wamenifanya hivyo?" Akacheka peke yake. Akatazama pembeni, akaona Mama Neema ameshamziba Neema macho kwa kiganja. Akajifunika mdomo kwa kitenge. Na mimi, mwanaye wa kumzaa, nilikuwa nimeshahamia upande wa pili wa Mama Neema, wala sikumbuki nilifikaje.

Ungedhani ni mchezo, watu watasahau. Wenzangu mnaokaa huku mnajua neno uchawi huwa halichezewi. Hakuna aliyelisema kwa sauti. Ila asubuhi yake kanisani benchi la kwaya likawa na nafasi pande zote mbili za mama, akaimba kama mnara. Watoto waliokuwa wanakuja kula ukoko wa wali wakawa wanapita barabara ya pili. Madereva wa Zambia waliendelea kula, wao hawakuona filamu, na hata hilo likawa kosa. "Wanaokula ni wageni tu," nilimsikia mmoja dukani. "Wenyeji tunajua."

Mama alijaribu. "Mimi niliambiwa nabeba uji!" alimwambia kila aliyesimama. "Walinipiga picha kutwa nzima, hiyo ya mdomo hata siijui ni ipi." Akampigia Direkta simu. Direkta alikuwa amesharudi Mbeya kutafuta sura nyingine, simu ikaita hadi ikachoka.

Na mimi nilikuwa nafanya uchunguzi wangu. Mchana mmoja mama alilala kwenye mkeka, amechoka na moshi. Nikamnyemelea. Nikaweka sikio kifuani kwake, polepole, kusikiliza kama ile ngoma imo.

Ilikuwemo. Du. Du. Du.

Sijawahi kushtuka vile tena. Nilirudi nyuma kwa makalio hadi nikagonga sufuria. Mama akafungua macho. "We Boni, nini?" Nikamwambia sina kitu. Nikakaa mlangoni, jua linanichoma, nikiwaza kwamba nimezaliwa na adui, na kwamba kwenye filamu zote nilizoona sikuwahi kuona adui ana mtoto. Sheria za banda hazikusema mtoto wa adui anafanya nini.

Halafu Neema akaugua kweli. Homa, kama homa zetu zote za masika. Mama alipika uji, uji wa ulezi wenye karanga, akaufunika kwa sahani, akaupeleka mwenyewe kama ilivyo kawaida yao tangu sijazaliwa. Nikamfuata kwa mbali. Mama Neema alisimama mlangoni, hakutoka, hakupisha.

"Mama Boni, rudi nao."

"Ni uji tu, shoga yangu. Kunywa wewe kwanza, uone."

"Nimesema rudi nao." Akakamata mlango pande zote mbili. "Mimi sina ugomvi na wewe. Ila mtoto wangu ni huyu mmoja. Niliona kwa macho yangu."

"Uliona nini?"

"Niliona ulivyomtazama yule mtoto."

Mama alisimama na lile bakuli. Uleule uji wa kwenye filamu, jamani, aliokuwa ameambiwa ataubeba, sasa ndio anaubeba. Vijana wawili waliokuwa wanatengeneza pikipiki pale kona wakasimama, mmoja ana spana. Mmoja akasema, "Huyo mtoto wa watu akilala leo asiamke, tutajua pa kupita." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeulizia njia.

Jioni mama alianza kufunga vitu. Alimpigia mjomba wa Isongole, kaka yake, nikamsikia akisema tutakuja tu kupumzika kidogo, huku anafunga hadi mwiko. Anayekwenda kupumzika hafungi mwiko. Akaniambia Jumamosi tunaondoka. Nikauliza, shule? Akasema na kule kuna shule. Nikauliza, banda? Akafunga fundo kwa meno.

Kesho yake nilikwenda kwa Profesa. Nia yangu haikuwa ya kishujaa, nilikwenda kuaga spika. Nikamkuta anafagia. Nikamwambia tunahama kwa sababu mama ana radi.

Profesa akaacha fagio. "Ana nini?"

"Radi. Imo kifuani. Nimeisikia."

Alinitazama kwa ile miwani yake yenye kioo kimoja, akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. "Dogo, kaa hapo." Akawasha jenereta, akatafuta kwenye mkoba wake, akaweka sidii nyingine kabisa, filamu ya vita ya zamani. Mlima ukapasuka, ikatoka radi. Ileile. Na kicheko ndani yake. "Hii hapa radi ya mama yako. Wameiiba huku. Naijua kwa sababu mimi ndiye niliyewaazima hii sidii."

Nilitazama spika, nikamtazama yeye. Ilikuwa ni kama mtu ameniambia mvua inatoka kwenye tangi la jirani.

Kisha akaweka filamu yetu. Akashika rimoti, akapunguza sauti hadi mwisho. Akabonyeza kitu kingine hadi ule wekundu wote ukanyauka, picha ikawa nyeusi na nyeupe kama magazeti. "Sasa tazama. Usisikilize. Tazama."

Mama akaja. Bila ngurumo, bila damu. Ghafla alikuwa mama tu, kitenge cha kwaya, amepaka mafuta. Macho yakatanuka. Mkono ukanyooka. Mdomo ukabana, ukafunguka duara, meno yakakutana. Ukabana tena, duara, meno.

"Anasema kitu," Profesa akasema. Kutafsiri midomo ilikuwa kazi yake. Akarudisha. Akajaribu kwa mdomo wake mwenyewe. "B... Bo..." Akarudisha tena. Kwenye ukuta wa ghala nyuma ya mama kivuli kikubwa cha mraba kilikuwa kinasogea.

"Dogo," akasema, na hakuwa anatania tena. "Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori."

Profesa akaigeukia TV. Akabonyeza ikasimama palepale, mdomo wa mama ukiwa duara, mkono umenyooka kuja kwangu. Ule mkono tulioukimbia. Nilikaa kwenye benchi lenye msumari na sikuhisi msumari. Siku ile chini ya lori sikuwa nimesikia chochote, injini ilikula kila kitu. Nikaja kulisikia jina langu pale, kwenye filamu isiyo na sauti.

Ijumaa mchana Profesa akatangaza kwa spika ya nje kwamba ile filamu inarudiwa, bure, na kuna sehemu iliyofichwa. Sehemu iliyofichwa! Nani wa Tunduma atabaki nyumbani? Walijaa hadi mlangoni. Vijana wa pikipiki walikuja. Mama Neema alikuja pia, akasimama karibu na mlango, Neema mgongoni, ametoka zahanati na vidonge vyake, kichwa kimelala. Mama yangu hakuja. Alikuwa anafunga masufuria.

Filamu ilikwenda kama kawaida hadi mtoto kitandani. Hapo Profesa akazima sauti, akaua wekundu. Watu wakaanza kulalamika, spika imekufa, Profesa unazingua! Akanipa kipaza sauti. Kilikuwa kizito na kinanuka mate yake ya miaka mingi.

Uso wa mama ukajaa TV. Mimi nilikuwa namwigiza mama tangu sijaota meno ya mbele, kwa ile lafudhi yake ya Kinamwanga, kila mtu alikuwa anajua. Mdomo wake ulipobana, nikafungua wangu.

"Boni! Boniii! Mwanangu, lori! Toka chini ya lori!"

Walicheka. Kwa sekunde moja banda lote lilicheka, kwa sababu ilikuwa ni mimi mchekeshaji, na sauti ililingana kabisa. Halafu kicheko kikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma, benchi kwa benchi. Profesa akasema bila kipaza sauti, taratibu, "Kioneni kivuli kule ukutani. Ndilo lori lenyewe linaondoka. Mtoto wake alikuwa chini."

Ikabaki jenereta tu.

"Rudisha," Mama Neema akasema kutoka mlangoni.

Profesa akarudisha. Mimi sikutafsiri tena, nikashusha kipaza sauti. Uso ukapita bila mtu yeyote kuusemea. Nikageuka kuwatazama watu badala ya TV, na nikaona jambo ambalo hadi leo linanishangaza: akina mama wote, mmoja baada ya mwingine, midomo yao ilikuwa inabana na kufunguka pamoja naye. Kila mmoja alikuwa anaita jina lake.

"Niliona kwa macho yangu," Mama Neema akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Kwa haya macho." Akafungua mlango, mwanga ukatupiga wote usoni, akaondoka karibu mbio na mtoto mgongoni.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama Neema jikoni kwetu. Sufuria zilikuwa zimefungwa, yeye amefungua moja, amekaa kwenye kigoda. Hakuna aliyekuwa anaomba radhi wala analia kama kwenye filamu. Alikuwa ananyoosha mkono.

"Ule uji, Mama Boni. Bado upo?"

"Ule nilimwaga."

"Basi pika mwingine. Huyu hajala tangu jana."

Mama alivuta ile sufuria iliyofunguliwa. Kisha akaniambia, "We Boni, lete kuni. Na hizo kamba zifungue." Nikafungua kwa meno, mafundo ya mama ni balaa.

Hatukwenda Isongole. Lakini nisikudanganye kwamba wote walirudi. Yule mwenye spana hadi leo akimwona mama, yeye huvuka barabara. Wapo waliosema Profesa ni fundi wa mitambo, amegeuza tu. Kuhusu sheria ya pili sijawahi kuwa na amani nayo tena. Tukitazama filamu na washikaji wangu, spika zikianza kunguruma, mimi huuliza kwa sauti, "Huyu anamwita nani?" Wananirushia makopo.

Sasa Profesa amezeeka, banda limekuwa kifusi, wanajenga maduka. Nikajua basi, ile filamu nayo imeisha. Jana kwenye kundi la darasa letu, mtu mmoja akatuma kipande cha video kifupi cha kuchekesha. Chini ameandika: mwalimu wa Hesabu akikuta hujafanya zoezi. Nikabonyeza. Spika ya simu ikanguruma, uso mwekundu ukaja, polepole, mkono ukanyooka, radi. Darasa zima limejaza vicheko chini yake. Hakuna anayemjua. Kiko kwenye simu za watu wa Dodoma, wa Mwanza, wa wapi sijui.

Niliandika kitu, nikafuta. Ungewaambia nini?

Nikapunguza sauti hadi mwisho. Nikarudisha. Mdomo wa mama ukabana, ukawa duara, meno yakakutana. Nje, kwenye maegesho, mwenyewe alikuwa anamgombeza dereva aliyerudisha sahani bila kula mboga.

"Naam, mama," nikaiitikia simu. Nikatoka kwenda kumsaidia kuosha vyombo.